Mikono Iliyochelewa Kuvishwa: Baridi, Baiskeli na Glavu katika Milima ya Upare

Mjini Same, hata mchana wa Julai, muuza maji ya chupa hakosi wateja. Jua la tambarare linawaka juu ya barabara kuu iendayo Moshi, malori yanatimua vumbi, na abiria wanaoshuka kwenye mabasi hutafuta kivuli kabla ya kutafuta mizigo yao. Lakini mtu akipanda pikipiki hapo hapo stendi kuelekea Chome, Mbaga au Mamba Myamba, kabla jua halijazama atakuwa amefunga vifungo vyote vya koti lake. Hajatoka nje ya wilaya. Amepanda tu.

Sababu yake ni umbile la nchi. Mji wa Same uko chini ya mita 900 kutoka usawa wa bahari, wakati Shengena, kilele cha Milima ya Upare ya Kusini, kinafika mita 2,462. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000 za kupanda. Tena pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga milima hii upande wa mashariki, zikapanda, zikapoa, zikaacha mvua na ukungu juu ya msitu wa Chome. Zinapoteremkia upande wa magharibi zimekwisha kukauka, ndiyo maana Same, Makanya na Hedaru hulia ukame huku wenzao wa juu wakianika nguo siku mbili bila kukauka. Wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, usiku wa vijiji vya juu huweza kukaribia nyuzi 10.

Ulaya na Marekani ya Kaskazini baridi huwafuata watu majumbani kwao, nao hujiandaa kwa msimu mzima. Upare mtu ndiye anayeifuata baridi, na mara nyingi huiacha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo historia ya mavazi ya baridi hapa haiachani na historia ya safari: nani alipanda, nani alishuka, alibeba nini, na kwa chombo gani. Ukiifuatilia historia hiyo hatua kwa hatua, unakuta kwamba kiwiliwili kilivishwa kwanza, kichwa kikafuata, miguu ikapata viatu, na mikono ikabaki wazi mpaka juzi. Umaskini ulichangia, ila sababu kubwa ni nyingine. Kwa vizazi vingi mkono wa msafiri wa Upare ulijipasha wenyewe. Uliacha kujipasha siku ilipokuja mashine iliyoulazimisha kutulia mbele ya upepo.

Ngozi, chuma na merikani

Kabla pamba ya pwani haijaenea, vazi la milimani lilikuwa ngozi ya mbuzi au ng'ombe, iliyokunwa, ikalainishwa kwa mafuta na kufungwa begani. Kwa kuzuia upepo, ngozi hushinda kitambaa chepesi cha pamba. Kisha iliiacha mikono huru, na kazi za Upare zilikuwa kazi za mikono hasa.

Upande wa kaskazini, katika Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Hata ukoo wa Wasuya ulipochukua utawala, chuma kilibaki kuwa uti wa mgongo wa dola ya Ugweno, na majembe na silaha zake zilivuka tambarare hadi kwa Wachaga wa Kilimanjaro, waliotegemea chuma cha majirani hawa. Mhunzi hakuwa na shida ya vidole kufa ganzi. Mivukuto na makaa vilimtosha. Upande wa kusini, wakulima walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi na kuingia kwenye mifereji ya mashamba. Aliyekwenda kufungua ndiva alfajiri alitia mikono katika maji ya mlimani na kuondoa tope na mawe yaliyoziba mlango. Hiyo ni baridi kali kuliko ya upepo. Lakini dakika chache baadaye alikuwa ameshika mpini wa jembe, na damu ilikwisha kurudi vidoleni.

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilipita bonde la mto wenye jina hilo na kando ya milima, ikielekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Ilileta merikani, kitambaa cha pamba ambacho awali kilifumwa katika viwanda vya New England huko Marekani, pamoja na kaniki ya rangi ya nili kutoka India. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza biashara hiyo, viwanda vya Bombay vikaanza kuchukua nafasi. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenyeji wa Upare, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1991 jinsi uchumi wa dunia ulivyopenya milimani humo kuanzia miaka ya 1860, pamoja na madhara yake: bunduki, uvamizi na biashara ya watumwa. Jirani wa Wapare, Semboja, mmoja wa watawala wa Usambara, aliyejenga ngome yake Mazinde penye njia ya misafara, alijipatia nguvu kwa biashara hiyo hiyo.

Pamba ilikuwa nguo ya heshima, nyepesi na rahisi kufua. Kwa baridi, hata hivyo, ilikuwa hatua ya kurudi nyuma. Merikani iliyolowa ukungu hunata mwilini na kuupoza, na haikauki upesi kwenye hewa yenye unyevu. Watu wa milimani waliipokea nguo mpya kwa sababu nyingi, na joto halikuwa mojawapo.

Garimoshi linashusha mablanketi

Mwanzoni mwa karne ya 20 wageni wa aina nyingine walipanda milima. Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Shigatini, Upare ya Kaskazini, mwaka 1900. Mwaka 1903 Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo Giti, upande wa kusini. Mwaka 1908 mmisionari Jakob Dannholz alifika Mbaga. Hewa ya juu iliwapendeza kwa ubaridi wake na kwa uchache wa mbu. Pamoja na shule na makanisa zilikuja shati, gauni na sweta, na ufumaji wa nyuzi za sufu ukawa moja ya kazi zilizofundishwa wasichana wa misheni.

Reli ilifanya makubwa zaidi. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, ukipita chini ya milima yote ya Upare. Same ikawa kituo, na kituo kikavuta maduka. Kitu kilichokuwa kikisafiri kwa majuma kichwani mwa mpagazi sasa kilifika kwa behewa: mafuta ya taa, khanga, sufuria na mablanketi.

Blanketi ndilo lililokuwa koti la kwanza la wengi. Mzee alilitupia mabegani alfajiri akatoka uani nalo, na mkutano wa asubuhi ulikuwa duara la watu waliojifunika mpaka kidevuni. Mikono nayo ilijificha humo ndani, mradi mwenyewe ametulia. Safari ilipoanza, mkono ulitoka: wa kulia kwenye fimbo, wa kushoto kwenye mzigo. Mwanamke aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani alihitaji mkono mmoja juu, na mwingine ulikunja ncha ya khanga aliyojifunga kifuani.

Na bado baridi haikuleta shida, kwa sababu watu walitembea. Misuli inayofanya kazi hutoa joto, moyo hupiga haraka, na damu yenye joto hufika mpaka kwenye kucha. Mtu anayepanda kutoka tambarare hadi Mbaga na mzigo mgongoni hufika juu akitokwa jasho hata kama ukungu umetanda. Baridi humshika akikaa, na akikaa ana blanketi.

Safari kubwa kuliko zote za miguu katika kumbukumbu ya Upare ilikuwa ya mwaka 1945. Maelfu ya watu waliteremka milimani kupinga mbiru, kodi iliyokadiria mali ya kila mtu, iliyowekwa na watawala wa jadi chini ya serikali ya kikoloni. Walipiga kambi Same, makao ya mkuu wa wilaya, wakakataa kuondoka. Wanawake waliwapelekea chakula, na baadaye wao wenyewe waliandamana hadi Same kumkabili mkuu wa wilaya. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Kimambo, aliyeandika kitabu kizima kuhusu mgomo huo, ametuachia picha ya nchi ambayo nguvu yake ya kisiasa ilitegemea uwezo wa watu wa kawaida kushuka na kupanda mlima kwa miguu yao, mara nyingi kadiri ilivyohitajika.

Chuma kinachonyonya joto

Baiskeli ilikuja polepole. Katika Tanganyika ya kati ya vita viwili vya dunia ilikuwa chombo cha karani, mwalimu, mwinjilisti na mfanyabiashara mdogo. Fedha za kahawa ziliwawezesha baadhi ya wakulima wa nyanda za juu kuinunua. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilikuwa jina kubwa. Baadaye zikaja Hero za India, Phoenix za China, na Swala za hapa nchini.

Katika tambarare ya Same baiskeli ilikuwa na maana ya moja kwa moja: unakaa, unakanyaga, unafika. Milimani ilikuwa na maisha mawili. Wakati wa kupanda ilikokotwa, gunia limefungwa kwenye keria, mwenyewe akiisukuma kwa bega na mikono miwili. Hapo hakuna aliyelalamikia baridi. Wakati wa kushuka ndipo ilipopandwa. Na katika kushuka, kwa mara ya kwanza, msafiri wa Upare alikwenda kasi bila mwili wake kufanya kazi yoyote ya kuupasha.

Upepo ulifanya yaliyobaki. Kwa kanuni wanayotumia wataalamu wa hali ya hewa wa Kanada na Marekani, hewa ya nyuzi 10 inayompiga mtu kwa kasi ya kilometa 30 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 7. Mkono uliolowa ukungu hupoa zaidi ya hapo, maana maji yanapokauka hubeba joto. Kitu cha kwanza kuupokea upepo huo ni vidole. Vimetangulia mbele ya mwili, ni vyembamba, vina nyama kidogo, na mwili wenyewe ukihisi baridi huibana mishipa ya damu ya vidoleni ili kulinda joto la moyo na ubongo. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wake hupungua, kisha nguvu ya kushika nayo hufuata.

Kwa mpanda baiskeli wa zamani hilo lilikuwa jambo la usalama, na ili kuelewa kwa nini, inafaa kuitazama breki yenyewe. Raleigh za miaka hiyo hazikuwa na waya. Chini ya usukani zilipita nondo nyembamba za chuma. Mpanda alipovuta mkono wa breki, nondo ziliinua vipande vya mpira vikabana rimu kutoka upande wa ndani. Rimu ilikuwa ya chuma kilichopakwa kromu. Ikiwa kavu, breki ilishika vizuri. Ikilowa, mpira uliteleza juu ya kromu, na gurudumu likaendelea kuzunguka kwa muda kabla ya kuanza kushikwa. Fundi yeyote alijua dawa yake: bana mapema, bana kwa nguvu, na usiachie mpaka kona imekwisha. Kwenye njia ya changarawe yenye kona nyingi, mpanda aliteremka vidole vinne vya kila mkono vikiwa vimekaza chuma kitupu kwa muda mrefu, nacho chuma kikinyonya joto la mkono kila sekunde. Ukungu uleule uliolowesha rimu na kudhoofisha breki ndio uliokuwa ukidhoofisha vidole vya kuikaza.

Mkono wa Upare ulianza kuhitaji vazi hapo. Dawa zilizokuwa karibu ni zile ambazo mtu angeziokota nyumbani: mikono ya sweta ikavutwa mpaka ifunike viganja, kitambaa kikazungushwa kwenye chuma cha breki, soksi kuukuu zikavaliwa mikononi. Kila moja ilisaidia na kila moja ilikuwa na kasoro yake. Soksi haina vidole, kwa hiyo hukamata breki yote kwa mkupuo. Kitambaa kikilowa huteleza.

Haja hii ni ya kale kuliko baiskeli. Kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyefariki yapata miaka 3,300 iliyopita, lilifunguliwa na Howard Carter mwaka 1922, na miongoni mwa nguo zilizokutwa humo kulikuwa na glavu za kitani. Baadhi huaminika kuwa zilitumika kuongozea magari ya kukokotwa na farasi. Anayeshika hatamu kwa kasi ana shida ileile ya anayeshika usukani: mkono wake umekabidhiwa chombo, na hauwezi kuondoka hapo kwenda kujipasha.

Bajeti ya 1984

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, swali la vazi la mkono lingeonekana anasa. Nguo zenyewe zilikuwa adimu. Fedha za kigeni zilipungua, viwanda vilikosa malighafi, na duka la ushirika lilipopata vitenge au mashati, foleni ilitangulia mzigo. Sweta ya mtoto ilivaliwa na wadogo zake wote.

Aliyesaidia kubadili hali hiyo alikuwa mtoto wa milima hiyo hiyo. Cleopa Msuya, aliyezaliwa mwaka 1931 katika kijiji cha Chomvu, Usangi, alikuwa waziri wa fedha serikali ilipoamua, katika bajeti ya mwaka 1984, kuruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mlango uliofunguliwa nusu mwaka huo ulifunguliwa zaidi na serikali ya Ali Hassan Mwinyi kuanzia mwaka uliofuata. Pamoja na bidhaa nyingine ikaingia mitumba.

Kwa watu wa pwani mitumba ilikuwa mashati na suruali. Kwa watu wa Lushoto, Njombe, Makete na Upare ilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu mabelo yalitoka nchi zenye majira ya baridi. Ndani yake zilibanwa nguo ambazo hakuna mfanyabiashara wa Tanzania ambaye angeziagiza kwa makusudi: makoti yenye manyoya shingoni, mizula ya sufu, skafu, na glavu. Koti zito lisilo na mnunuzi Dar es Salaam lilikuwa na thamani likifika milimani. Soko la Memorial mjini Moshi likawa moja ya vituo vikubwa vya biashara hii kaskazini, na kutoka masoko ya aina hiyo wachuuzi walibeba mafurushi hadi kwenye magulio ya vijijini.

Glavu zilikuja na tabu ya pekee. Belo likikazwa na kufunguliwa, pea hutengana. Chungu kikimwagwa juu ya turubai, hapa kuna mkono wa kushoto wa ngozi nyeusi, pale wa kulia wa nyuzi nyekundu. Muuzaji makini huketi kwanza kuzioanisha na kuzifunga kwa uzi kabla mteja hajafika. Zisizopata wenzake hubaki pembeni kwa bei ya kutupa, na wapo wanaozinunua hivyo hivyo, kwani mikono miwili yenye rangi mbalimbali inapata joto lilelile.

Mashine isiyomhitaji mtu atoke jasho

Bodaboda ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, ikiwa baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma. Katika muongo wa kwanza wa karne hii pikipiki za China na India zilishuka bei, vijana wakazinunua au kuzikodi, na mwaka 2010 Tanzania ikatoa kanuni za kutoa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Biashara iliyokuwa ikifanyika tayari ikapata sura ya kisheria.

Upare hakuna chombo kilichobadili safari kiasi hicho tangu reli. Kwa miongo mingi kijiji cha juu kilitegemea Land Rover au basi dogo lililoshuka alfajiri na kupanda jioni, ukilikosa, umelala. Pikipiki hupita njia ambazo gari haliziwezi, kwa saa yoyote. Huteremsha magunia ya tangawizi kutoka Mamba Myamba, hupeleka wagonjwa zahanati, huleta walimu, mbolea na bati. Dereva wa kijiwe cha Same anaweza kupanda baridini na kurudi juani zaidi ya mara moja kwa siku.

Pikipiki ilimaliza kile baiskeli ilichoanza. Injini ndiyo inayopanda mlima, kwa hiyo hata kupanda hakumpashi dereva. Amekaa, magoti yamekunjwa, kifua kinapokea upepo, na mikono yote miwili ina kazi isiyokoma: wa kushoto kwenye klachi, wa kulia kwenye moto na breki ya mbele. Mkono huo wa kulia hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kuzungusha na kubana, na yote mawili hutaka vidole vyenye hisia. Ukiongeza moto kidogo kupita kiasi juu ya udongo mwekundu uliolowa, gurudumu la nyuma linaserereka. Ukichelewa kubana kwa nusu sekunde, kona inakupita. Nyuma kuna abiria, na pengine mtoto katikati.

Ndiyo maana uchaguzi wa glavu, kwa dereva anayejua mlima, hufanywa kwa uangalifu uleule wa kuchagua tairi. Kwanza hutazamwa kama zinazuia upepo. Glavu za nyuzi za sufu hupendeza mkononi na huwa na joto ukiwa umesimama, lakini matundu yake ni njia ya hewa. Jaribio lake halihitaji chombo: weka kitambaa mdomoni, puliza; pumzi ikihisiwa upande wa pili, upepo wa mteremko utapita pia. Za ngozi zenye kitambaa laini ndani hufaulu jaribio hilo. Zikilowa zinapaswa kukaushwa taratibu mbali na moto, kwani ngozi iliyokaushwa jikoni hukakamaa na kupasuka, kisha zipakwe mafuta kidogo.

Halafu hupimwa unene. Zile nono zilizotengenezwa kwa watu wanaoteleza kwenye theluji huvutia kwa macho, na zinamfaa abiria. Dereva akizivaa, sponji hukaa kati ya kidole na breki, naye hajui amebana kiasi gani. Glavu za golikipa zina kiganja kinachonata, ila vidole vyake ni vipana mno. Zile za kazi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, zenye mpira kiganjani na nyuzi mgongoni, hushika vizuri hata kwenye mvua na bei yake ni ndogo, lakini mgongo wa mkono hubaki wazi kwa upepo.

Kipimo cha ukubwa kina siri yake. Wengi huchagua zinazobana wakidhani zitapasha zaidi, kumbe kinachopasha ni hewa iliyotulia kati ya ngozi na kitambaa. Glavu ikibana, hewa hiyo hakuna, na damu nayo inazuiwa. Mteja mwenye uzoefu huvaa, akakunja ngumi, akanyoosha vidole, kisha akavuta breki ya pikipiki yake iliyoegeshwa kando kwa vidole viwili tu. Ncha ya kidole isinase, na mshono usiangukie pale chuma kinapogusa. Mwisho hutazama kifundo: lazima kifike juu ya mkono wa koti au kiingie chini yake, bila pengo, la sivyo mvua hupata mfereji wa kuingilia.

Safari ya hali mbili za hewa imeleta pia mtindo wa kuvaa mbili. Nyepesi ya nyuzi ndani, isiyopitisha upepo juu yake. Akifika tambarare, dereva huvua ya juu na kuitia mfukoni. Wapo waliokuwa wakitumia mfuko wa rambo kama kinga ya juu, kwa kuwa plastiki haipitishi hewa wala maji, mpaka serikali ilipopiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Wengine hufunga kwenye usukani vifuniko vya turubai au ngozi bandia vinavyomeza mkono pamoja na breki. Hivyo huacha vidole vitupu vishike chuma kwa hisia kamili, na kwa njia ya mlimani vina faida kubwa, ilimradi vimefungwa imara na mkono unaweza kutoka upesi.

Zana ya kazi

Mazungumzo ya usalama wa bodaboda nchini huanzia kwenye kofia ngumu, na ni haki, maana kofia huokoa maisha. Kwa wilaya za milimani, Same na Mwanga, hayapaswi kuishia hapo. Kijana anayechukua pikipiki kwa mkataba hupewa chombo, kiwango cha hesabu ya kila siku na tarehe ya kumaliza deni. Koti na glavu ni juu yake, na katika miezi ya mwanzo, hesabu ikiwa ngumu, ni vitu vya mwisho kununuliwa. Kwa hiyo dereva mgeni wa mlima, anayehitaji kinga kuliko wote, ndiye anayeshuka mikono mitupu.

Jirani wa kaskazini ameonyesha njia. Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro walikuwa wakipanda kwenye barafu na nguo za tambarare, wengine wakiumia na hata kufa kwa baridi. Mwaka 2003 ulianzishwa mjini Moshi mradi wa kuwasaidia, unaojulikana kwa kifupi KPAP, na moja ya kazi zake ni kuwaazima nguo za mlimani bila malipo: makoti, viatu, suruali zisizopitisha maji, glavu. Mpagazi huchukua kabla ya safari na kurudisha akishuka. Nguo nyingi hutolewa na watu wa nchi za baridi, yaani zinatoka kule kule zinakotoka zile za mtumba, ila hapa zinamfikia mwenye kuzihitaji bila yeye kubahatisha kwenye chungu.

Utaratibu huo hauhitaji shirika kubwa ili ufanye kazi Upare. Mmiliki anaweza kuandika glavu na koti katika mkataba, sambamba na kofia ngumu. Vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo madereva wengi ni wanachama wake, vinaweza kununua kwa pamoja katika miezi ya joto, kabla wachuuzi hawajapandisha bei. Na kijiwe kinachopeleka abiria Chome, Mbaga na Mamba Myamba kinaweza kuanza na sanduku moja: pea kumi zisizopitisha upepo zilizochaguliwa kabla ya Juni, daftari la kuandika nani ameazima na nani amerudisha, na mtu wa zamu wa kuzianika kila jioni ili dereva wa alfajiri azikute kavu.